Mtoto wa awali anang'ata wenzake karibu kila siku. Walimu na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini, nisaidieni

#1 Mwl_wa_Awali
Salaam wakuu. Nafundisha darasa la awali, shule ya serikali, upande huu wa kuelekea Uyole, Mbeya. Nina watoto 83 na binti mmoja anayejitolea kunisaidia.

Kuna mtoto nitamwita Baraka, silo jina lake. Aliandikishwa Januari, tukaambiwa ana miaka mitano. Anang'ata, tena si kwa mchezo, anaacha alama ya meno kwenye mkono wa mwenzake. Akishang'ata anaingia chini ya dawati la nyuma, anajikunja na kuvuta sweta mpaka linafunika kichwa. Hapo humtoi. Ukimshika mkono anarusha mateke. Ukimwacha, baada ya kama dakika 20 anatoka mwenyewe, anakuja kusimama pembeni yangu akiwa ameshika sketi yangu, kimya.

Wiki iliyopita kawang'ata watatu. Mama wa mmoja alikuja shuleni amejifunga kanga kiunoni, akataka nimwoneshe "huyo mbwa". Lile neno liliniuma, maana Baraka alikuwa amesimama hapo hapo anasikia.

Mwalimu mkuu anasema nimchape ataacha. Sitaki kumchapa, ila kila siku narudi nyumbani sina jibu lingine. Huyu mtoto anasumbuliwa na nini? Na nyie mnafanyaje madarasani kwenu?

#2 Kipanga_Mwanjelwa
Pole ticha. Mimi naona viwili vitatu vya makalio vinamtosha. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu wazima wenye adabu. Na sheria ya nchi inaruhusu, msimtishe mwalimu.

#3 Kalamu_Nyekundu
Kipanga, sheria isome mpaka mwisho. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, zinataka viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Haya, chukua kalamu ujaze hicho kitabu: "Miaka mitano. Alijificha chini ya dawati." Utaweka sahihi yako hapo?

#4 Kipanga_Mwanjelwa
Kosa ni kung'ata, mkuu, si kujificha.

#5 Mama_Wawili_Mafinga
Mwalimu, kwao kuna mtoto mchanga? Wangu wa kwanza alianza kung'ata wiki ileile niliyotoka hospitali na mdogo wake. Mtoto mpole kabisa! Alikuwa hamgusi mchanga, anang'ata watoto wa jirani. Mama mkwe akaniambia, "Huyo anakutafuta wewe." Nikawa kila jioni nampakata yeye peke yake, mchanga nampa baba yake. Ilichukua kama miezi miwili.

#6 Mwl_wa_Awali
Yupo. Mdogo wake alizaliwa Oktoba. Mama anauza mbogamboga sokoni, anaondoka saa kumi alfajiri na mchanga mgongoni. Baraka anabaki na bibi, na bibi ndiye anayemleta shule.

#7 Mama_Wawili_Mafinga
Basi jibu ndilo hilo. Mama anaondoka na mwingine mgongoni, yeye anaachwa kitandani. Hata mimi ningeng'ata.

#8 Nesi_Mstaafu
Tusiharakishe. Mwalimu, anang'ata saa ngapi? Wapi? Nani alikuwa karibu yake, na upande gani? Chukua daftari, siku kumi, kila akifanya uandike mara moja kabla hujasahau: saa, mahali, kilichotokea kabla, kilichofuata. Niliwahi kumpokea mtoto aliyesemwa kijiji kizima kuwa ni mkorofi. Alikuwa na minyoo na upungufu wa damu. Sisemi wako ana hivyo. Nasema daftari huona vitu ambavyo hasira zetu hazivioni.

#9 Mwl_wa_Awali
Asante mama, nitafanya. Kwa kumbukumbu ya haraka, mara nyingi ni saa nne kasoro, tukijipanga mstari wa kunawa mikono kabla ya uji.

#10 Mkulima_wa_Chai
Njaa hiyo. Saa nne kasoro tumbo la mtoto aliyeamka saa kumi na mama yake lina nini? Huku kwetu watu wanadhani kwa kuwa ghala lina mahindi basi mtoto ameshiba. Utafiti wa afya wa 2022 ulionesha udumavu Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, na taifa zima ni 30. Mikoa inayolisha nchi ndiyo hiyo. Inaumiza.

#11 Sokomatola_Boy
Sasa si uvivu wa wazazi huo? Chakula kipo.

#12 Mkulima_wa_Chai
Uvivu? Mama wa huku anatoka gizani, anarudi gizani. Mtoto anaachiwa ugali wa jana au uji mweupe wa sembe, na mwingine asubuhi hapati kitu. Maharage yanauzwa, mayai yanauzwa, maziwa yanauzwa, parachichi linapanda lori. Tumbo linajaa, mwili haujengeki. Njoo Mufindi msimu wa kuvuna chai ukae na watoto wanaoshinda na kaka zao wa miaka minane, halafu urudie hilo neno.

#13 Nesi_Mstaafu
Mkulima, takwimu zako ni sahihi, lakini udumavu ni urefu kulinganisha na umri, kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hautuambii kwa nini huyu mmoja anang'ata. Njaa ya asubuhi ni jambo lingine, na hiyo naikubali iwe kwenye orodha.

#14 Ndaga_Fijo
Hakuna aliyeuliza swali la lugha. Bibi anaongea naye lugha gani?

Mimi nilianza shule Tukuyu miaka ya sabini nikijua Kinyakyusa peke yake. Wiki ya kwanza sikuwa na neno la kuombea kwenda chooni. Nikajibana, nikajibana, nikajikojolea darasani. Kijana wa nyuma yangu akacheka, nikageuka nikampiga na kibao cha kuandikia, damu zikatoka puani. Nikaitwa mkorofi mpaka darasa la tatu. Sikuwa mkorofi, jamani. Sikuwa na maneno. Mwalimu mmoja wa kike, mtu wa kwetu, ndiye aliyeniinamia sikioni akanisemesha kwa lugha yetu kama anavyonisemesha juba, yaani mama yangu. Sikumpiga mtu tena.

#15 Mwl_wa_Awali
Ndaga_Fijo umenigusa sana. Bibi anaongea Kisafwa. Baraka Kiswahili anaelewa kiasi, ila kuongea ni neno moja moja: "uji", "bado", "yangu". Hilo la "yangu" analisema sana.

#16 Binti_Kilolo
Kwa hiyo akisukumwa kwenye mstari hana "niache", hana "unaniumiza". Ana meno.

#17 Mzee_wa_Ipogolo
Msinicheke. Bibi yangu angesema mtoto analilia jina. Mtoto akisumbua bila sababu wazee walikuwa wanauliza amepewa jina la nani, na huyo marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kwetu mdogo wangu alilia mpaka akabadilishiwa jina akatulia. Nimeyaona kwa macho yangu.

#18 Sokomatola_Boy
Mzee kashatupeleka kwa mababu. Kwani mtoto mwenyewe Mhehe? Kama Mhehe, hasira ni za asili hizo.

#19 Mzee_wa_Ipogolo
Kijana, mimi ni Mhehe wa Kalenga, na utani wa watu wazima naujua, karibu nyumbani tutaniane mpaka jioni. Ila usimbandike mtoto wa miaka mitano hasira za kabila. Ataivaa, na hataivua. Na umeambiwa bibi yake anaongea Kisafwa, soma uzi.

#20 Sokomatola_Boy
Nimekosa, mzee. Nakusalimu kwa Kihehe: kamwene.

#21 Nesi_Mstaafu
Mzee wa Ipogolo, sikucheki hata kidogo. Mdogo wako alipobadilishiwa jina, nyumba nzima si ilimkalisha katikati, ikamshika, ikamwita kwa upole? Huenda hilo lilimtuliza.

#22 Mzee_wa_Ipogolo
Huenda. Au jina.

#23 Mwl_Makete
Nimesoma wote. Miaka 11 nipo na awali, kwanza Makambako sasa Makete, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe.

Kwanza, akiwa chini ya dawati usimfundishe kitu. Pale haelewi. Mtoto akipandwa na hasira mwili mzima umekamatwa: moyo unaenda mbio, misuli imekaza, masikio kama yamezibwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, kwa binadamu inaendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20. Huyu ana mitano. Anatulizwa na mtu mzima aliyetulia, hiyo breki hana bado. Kwa hiyo kaa chini sakafuni, umbali wa mkono, usimkazie macho. Sauti ya chini. Mimi huwa namenya kitu au napanga vizibo vya soda, navihesabu polepole. Mara nyingi mkono mdogo unatoka chini ya dawati kuchukua kizibo kimoja. Hapo najua amerudi.

Pili, mfundishe kupumua akiwa na furaha, si akiwa na hasira. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai kila mtoto anajua kikombe cha uji wa moto. Nawaambia wakunje viganja kama wameshika kikombe: "Nusa uji." Wanavuta pumzi puani. "Puliza, usiungue." Wanatoa polepole mdomoni. Mara tatu. Tunafanya darasa zima kila asubuhi baada ya wimbo, kama mchezo. Siku mtoto anapovimba, huhitaji hotuba, unakunja viganja tu mbele yake. Wapo wanaokunja na vya kwao. Wapo wanaokurushia kikombe hicho cha hewa usoni, na hiyo nayo ni hatua.

Tatu, kona. Nilitandika mkeka nyuma ya mlango, nikaweka kapu lenye magunzi ya mahindi, kipande cha blanketi na mwanasesere wa matambara. Si mahali pa adhabu. Ukimpeleka mtoto pale kwa kumburuta, umeiua kona. Hata mimi nikichoka nakaa pale, nawaambia, "Mwalimu amechoka, anapumzika kidogo." Wanakuja kunipapasa kichwa.

Nne, ndilo gumu: mstari. Kwa nini watoto 83 wasimame mstari mmoja kungoja ndoo moja? Mtu mzima mwenyewe ukimsukuma kwenye foleni ya stendi anakung'aka.

#24 Kalamu_Nyekundu
Naunga mkono. Na mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulianza na umahiri wa "kuhusiana", kabla ya mawasiliano na kabla ya hisabati. Lakini mzazi akija anauliza mtoto amefika herufi gani, hakuna anayeuliza kama amepata rafiki.

#25 Kipanga_Mwanjelwa
Mwl wa Makete, nakuheshimu, ila unakaa sakafuni kuhesabu vizibo na mmoja, wale 82 wanafanya nini?

#26 Mwl_Makete
Swali la haki. Mimi nina 47. Nikiwa sakafuni wengine wanaimba na msaidizi, na siku asipokuwepo, kazi inasimama. Sina la kuongeza hapo.

#27 Chuo_cha_Ualimu
Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 40, sasa 83 ni mara mbili yake.

#28 Kalamu_Nyekundu
Hapana, kwa awali ni 1 kwa 25. Ni zaidi ya mara tatu yake. Tangu elimumsingi iwe bila ada Januari 2016 watoto waliingia kwa wingi, jambo jema, lakini walimu wa awali hawakuongezeka kwa kasi ile. Kwa hiyo tunapojadili tabia ya Baraka tunajadili pia chumba kimoja.

#29 Baba_wa_Mapacha
Mwalimu, umeona cheti chake cha kuzaliwa? Huku kwetu wazazi wanawahisha. Mtoto ana minne na miezi, anaandikwa mitano ili bibi apumzike.

#30 Mwl_wa_Awali
Cheti hakuna, tulipewa umri kwa mdomo. Kimo chake ni kidogo kuliko wenzake, lakini hilo linarudi kwa Mkulima wa Chai.

#31 Mama_Wawili_Mafinga
Na usingizi je? Kama mama anaamka kabla ya saa kumi, na yeye anaamka. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Huyu akilala saa tatu usiku anapata saba.

#32 Binti_Kilolo
Na simu. Mwongozo huohuo unasema kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Siku hizi watoto wanatulizwa na katuni za kupigana.

#33 Mwl_wa_Awali
Simu hapana. Bibi ana kitochi tu, kile kisimu cha vitufe.

#34 Ndaga_Fijo
Nirudi kwenye maneno. Kiswahili chetu ni tajiri, tusiwafundishe watoto "nimekasirika" tu. Kuna kununa, kususa, kudeka, kuchukia, kuona wivu, kuona haya, kuwa na kinyongo, kuwa mpweke. Kususa si kununa. Anayesusa anataka umbembeleze, anayenuna anataka umwache kwanza. Mwalimu akijua tofauti atajua amsogelee au akae mbali.

#35 Binti_Kilolo
Na kudeka kusionekane kosa. Mtoto hadeki kwa mtu asiyempenda. Baraka anashika sketi ya mwalimu baada ya kung'ata. Anadeka pale.

#36 Kipanga_Mwanjelwa
Hapo mmenifanya nifikirie. Mimi nilikuwa nikichapwa najificha kwenye banda la mbuzi mpaka usiku. Hakuna aliyenifuata.

#37 Mwl_Makete
Kipanga, pole sana ndugu yangu.

#38 Mwl_wa_Awali
Nimerudi wakuu, siku kumi zimeisha. Daftari lina matukio tisa. Sita ni kwenye mstari wa kunawa. Mawili ni Jumatatu asubuhi saa mbili, bibi alipogeuka kuondoka. Moja sikuliona, niliambiwa na watoto.

Mama Nesi, uliniambia niangalie upande. Katika yale sita, matano aliyeng'atwa alikuwa kushoto kwake. Sikuwa nimewahi kuliona hilo.

Mstari nimeuvunja. Nimetoboa madumu matano, nimeyaning'iniza mahali tofauti, wananawa kwa vikundi. Na tangu Jumatano nampa uji mapema, saa tatu na nusu, pamoja na wadogo wengine wanne ili asionekane peke yake. Sasa sijui kipi kimesaidia, maana nilifanya vyote wiki moja. Kupuliza uji tunafanya kila asubuhi. Baraka hapulizi, anatazama tu.

#39 Nesi_Mstaafu
Kushoto. Mwalimu, simama nyuma yake akiwa anacheza, asikuone, sugua vidole karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia. Halafu niambie. Muulize na bibi kama sikio limewahi kutoa usaha. Nimewaona wengi sana wa mafua yasiyokauka yanayoishia masikioni. Mtoto asiyesikia upande mmoja, mwenzake akimsogelea upande huo haji, anatokea ghafla. Anashtuka, anajitetea.

#40 Mama_Wawili_Mafinga
Lakini yale mawili ya Jumatatu, bibi akiondoka? Hayo si sikio. Hayo ni kuachwa.

#41 Nesi_Mstaafu
Kweli. Hayo siyaelezi.

#42 Mwl_wa_Awali
Kulia aligeuka mara moja. Kushoto hakugeuka mara ya kwanza, mara ya pili akageuka, ila labda aliona kivuli changu. Bibi anasema usaha ulitoka mwaka jana wakaweka dawa ya majani ukakauka. Mama yake anasema anasikia vizuri, akiitwa kula anakuja. Amekubali kuacha meza sokoni Alhamisi ili twende wote kituo cha afya.

#43 Mzee_wa_Ipogolo
Na jina?

#44 Mwl_wa_Awali
Mzee, nimeuliza. Ni la babu yake, aliyefariki mwezi mmoja kabla hajazaliwa. Bibi alinyamaza muda mrefu baada ya kuniambia.

#45 Mama_Upendo_Iyunga
Nimesoma mwanzo mpaka hapa sijachangia. Wote mmemsemea anayeng'ata. Wangu aling'atwa, shule nyingine si hiyo, mwaka jana. Alama iliisha kwa siku nne. Mpaka leo akiona mtoto yeyote mwenye sweta la kijani ananishika mguu. Mwalimu, yule binti wa mama wa kanga anaendeleaje?

#46 Mwl_wa_Awali
Mama Upendo, umenishika pabaya, na umenishika kwa haki. Siku tatu hakuja shule na mimi nilikuwa na daftari la Baraka. Jana nimekwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kiti, hakunisemesha, akaendelea kuchambua maharage. Mtoto alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Uliumia, na mimi sikukukinga. Pole." Akaniuliza kama meno ya Baraka bado yapo. Nikamwambia yapo. Akafikiri, akasema basi atakaa kikundi cha dumu la mwisho, karibu na binti anayejitolea, kwa sababu yeye ana mikono mirefu.

Leo amekuja. Amekaa dumu la mwisho.

#47 Mwl_Makete
Alhamisi mkitoka kituo cha afya utuandikie. Na hayo madumu, ulitoboa kwa kitu gani? Yangu yanapasuka.

#48 Mwl_wa_Awali
Msumari wa moto, mwalimu wangu. Pole pole, toka nje kwenda ndani, halafu unaziba na kijiti cha mti mbichi.